Jua la Kishapu na maji ya Rufiji: megawati 50 zinabadilisha nini kwenye gridi ya Taifa

Mwezi Oktoba mwaka 2015, Watanzania walishuhudia jambo ambalo hata waliokumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2006 na wa mwaka 2011 hawakulizoea: vituo vya kuzalisha umeme wa maji vilizimwa kwa sababu kina cha maji mabwawani kilikuwa kimeshuka chini ya kiwango cha kuendeshea mitambo. Mwezi Machi mwaka 2024, chini ya miaka tisa baadaye, baadhi ya vituo vya maji vilizimwa tena, safari hii kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Mvua zilikuwa nyingi, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulikuwa umewashwa mwezi mmoja kabla, na umeme uliokuwa ukizalishwa ulizidi mahitaji.

Nchi ileile ilikosa umeme wa maji mwaka mmoja, na mwaka mwingine ikawa nao wa kuzidi. Hapo ndipo pa kuanzia katika kulijibu swali ambalo wananchi wengi wamekuwa wakiuliza tangu Serikali ilipotangaza ujenzi wa kituo cha umeme wa jua katika Kijiji cha Ngunga, Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga: ikiwa mitambo tisa ya Julius Nyerere, kila mmoja wenye uwezo wa megawati 235, inalipatia Taifa megawati 2,115, kuna haja gani ya kukopa fedha kwa ajili ya megawati 150 za jua, tena zikianza na 50 tu?

Ni swali halali. Jibu la mkato kwamba nishati ya jua ni safi na haiishi halitoshi, kwa kuwa umeme wa maji nao ni nishati jadidifu.

Mradi wa Kishapu unamilikiwa na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) na unafadhiliwa kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa (AFD). Mkataba wa ujenzi wa awamu ya kwanza, ya megawati 50, ulisainiwa Mei 2023 na kampuni ya Sinohydro kutoka China. Huu ndio mradi mkubwa wa kwanza wa jua wa TANESCO uliobuniwa kuingiza umeme moja kwa moja kwenye gridi ya Taifa, na kwa sababu hiyo una uzito kuliko megawati zake: shirika ambalo kwa miongo mingi limeendesha mitambo ya maji, gesi na mafuta sasa linajifunza kuendesha mtambo ambao nishati yake haifunguliwi kwa koki.

Ukubwa wake usitiwe chumvi. Kituo cha jua chenye uwezo wa megawati 50 hakitoi megawati 50 mchana kutwa. Asubuhi kinapanda polepole, saa za mchana kinafikia kilele, jioni kinashuka, na usiku hakitoi kitu. Kwa ukanda wenye jua kama wa Shinyanga, uzalishaji wa siku nzima hulingana na kufanya kazi kwa uwezo kamili kwa takriban saa nne na nusu hadi tano. Hizo ni uniti kati ya 225,000 na 250,000 kwa siku, sawa na uniti milioni 80 hadi 90 kwa mwaka. Bwawa la Julius Nyerere lilisanifiwa kuzalisha karibu uniti bilioni 6 kwa mwaka. Awamu ya kwanza ya Kishapu, basi, ni kama asilimia moja na nusu ya kinachotarajiwa Rufiji. Anayetangaza kwamba kituo hiki peke yake kitamaliza tatizo la umeme Kanda ya Ziwa hausaidii mradi wala mwananchi.

Thamani yake iko kwingine, na inaonekana pale jua na maji vinapowekwa kwenye kalenda moja.

Shinyanga ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza karibu na Novemba na kuishia Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kuanzia Juni hadi Oktoba anga huwa jeupe, na ndiyo miezi ambayo paneli hufanya kazi vizuri zaidi. Miezi hiyohiyo ndiyo ambayo mito inayolisha Mtera, Kidatu, Kihansi na Rufiji hupungua, na wasimamizi wa mabwawa huanza kupima kina kwa wasiwasi. Jua hupata nguvu pale maji yanapozipoteza. Kila uniti inayotoka Kishapu saa saba mchana mwezi Septemba ni uniti ambayo bwawa halikulazimika kuitoa, na maji yake hubaki yakisubiri jioni.

Hesabu yake haina ugumu. Maji ya ujazo wa mita moja yanapoanguka kutoka kimo cha mita 100 na kupita kwenye mtambo mzuri huzalisha takriban robo ya uniti. Kwa kipimo hicho, siku moja ya jua zuri Kishapu inabakiza bwawani karibu mita za ujazo milioni moja. Ziwa la Julius Nyerere linapojaa huwa na zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, hivyo siku moja haionekani. Lakini siku 150 za kiangazi ni mita za ujazo milioni 150, na megawati zote 150 zikikamilika kiasi hicho huwa mara tatu. Mwaka wa mvua nyingi akiba hiyo haina maana kubwa. Mwaka unaofanana na 2015 au 2022 ina maana, na hakuna awezaye kuchagua mwaka upi utakuja.

Jambo hili hujibu pia hoja ambayo husikika mara kwa mara, kwamba jua halina faida kwa kuwa matumizi makubwa ya umeme majumbani ni kuanzia saa 1 jioni hadi saa 4 usiku. Ni kweli kwamba kituo kisicho na betri hakiwezi kuwasha taa hata moja saa 2 usiku. Nchi zisizo na mabwawa hulazimika kununua betri za gharama kubwa kwa ajili ya saa hizo. Tanzania ina mabwawa. Maji yaliyookolewa mchana hufunguliwa jioni, na kwa namna hiyo Rufiji inakuwa ghala la jua la Kishapu bila waya wa ziada kuwekwa. Kuna hata nyongeza ndogo ya kijiografia: kwa kuwa Shinyanga iko magharibi zaidi, jua huzama huko zaidi ya dakika 20 baada ya kuzama Dar es Salaam. Wakati jiji linaanza kuwasha taa, paneli za Kishapu huwa bado zinakusanya miale ya mwisho.

Sababu ya pili ni umbali, na pengine ndiyo inayowagusa zaidi wakazi wa Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita. Umeme wa maji na wa gesi huzalishwa kwa wingi mashariki na kusini mwa nchi. Ili uifikie Kanda ya Ziwa hupita kwenye njia ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga, yenye urefu wa kilomita 670, iliyokamilika mwaka 2016. Kila kilomita hugeuza sehemu ya umeme kuwa joto linalopotea hewani, na mzigo unapokuwa mkubwa mwishoni mwa njia, nguvu ya umeme hushuka: taa hufifia, mashine za kusaga hunguruma bila kuzunguka vizuri, mota za pampu huungua. Serikali ilitumia hoja inayofanana Machi 2025 ilipoeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, na baadhi ya wananchi walishangaa nchi yenye ziada inawezaje kununua nje. Ziada iliyoko Rufiji na umeme ulioko kwenye soketi ya Moshi au Maswa ni vitu viwili tofauti. Baina yake kuna nguzo, nyaya na transfoma, na vyote hivyo vina kikomo.

Kishapu iko karibu na watumiaji. Mgodi wa almasi wa Mwadui uko ndani ya wilaya hiyohiyo. Viwanda vya kuchambua pamba vimetapakaa ukanda mzima, migodi ya dhahabu ya Kahama na Geita haiko mbali, na reli ya kisasa inayojengwa kutoka Isaka kwenda Mwanza imesanifiwa kutumia umeme. Umeme unaozalishwa jirani na mzigo mchana, wakati migodi na viwanda vinafanya kazi, hupunguza msongamano kwenye njia ndefu na kuinua nguvu ya umeme mwishoni mwake. Faida hii haionekani kwenye takwimu za megawati, na ndiyo maana mara nyingi husahaulika.

Uendeshaji wa kituo cha namna hii hudhaniwa kuwa kazi nyepesi: paneli zikishafungwa, jua hufanya mengine. Ni dhana inayoweza kuligharimu Taifa.

Paneli moja ya kisasa ya kiwandani ina uwezo wa wati 550 au zaidi. Kwa kipimo hicho, megawati 50 zinahitaji takriban paneli 91,000. Huungwa pamoja kwa mfululizo kama shanga kwenye uzi, na umeme wake wa mkondo mnyoofu hupelekwa kwenye inveta, mashine zinazougeuza kuwa mkondo geu unaotumika majumbani. Kisha hupandishwa msongo kwa transfoma hadi kufaa kusafiri kwenye njia kuu. Kwa kuwa paneli za mfululizo mmoja hutegemeana, ugonjwa wa moja huambukiza zote. Jani lililoganda, kinyesi cha ndege au kivuli cha nyasi ndefu kwenye kona moja hupunguza umeme wa mfululizo mzima, na sehemu iliyofunikwa huweza kupata joto kali hadi kuungua. Mafundi hutumia kamera za kupima joto, mara nyingine zikibebwa na droni, kutafuta madoa hayo kabla hayajawa hasara.

Latitudo ya Kishapu nayo ina mambo yake. Wilaya iko chini ya nyuzi nne kusini mwa Ikweta, hivyo jua hupita upande wa kaskazini sehemu ya mwaka na upande wa kusini sehemu nyingine. Paneli zisizozunguka hulazwa karibu kuwa bapa, zikiinama kidogo tu. Mwinamo mdogo hukamata jua vizuri, lakini maji ya mvua hayateremki kwa kasi, na vumbi hubaki. Katika nchi za Ulaya zenye paneli zilizosimama zaidi, mvua huosha bure. Shinyanga mvua hukoma Mei, na kuanzia hapo hadi Novemba upepo wa kiangazi husomba vumbi la mashamba yaliyovunwa na njia za ng'ombe.

Vumbi lazima lioshwe, na hapa unakuja ugumu ambao hauwezi kufichwa. Hata kama kila paneli ingetumia lita mbili tu, kuziosha zote mara moja ni lita 182,000. Mkoa wa Shinyanga ni mkoa ambao sehemu yake kubwa hutegemea maji yanayosukumwa kwa bomba kutoka Ziwa Victoria, na ambako mama wa kijijini huijua thamani ya ndoo moja mwezi Septemba. Maji ya visima yenye chumvi nyingi nayo huacha madoa meupe ambayo ni mabaya kuliko vumbi lenyewe. Njia zipo: katika bustani ya jua ya Benban, karibu na Aswan nchini Misri, yenye uwezo wa zaidi ya megawati 1,400 katikati ya jangwa, usafishaji kwa brashi kavu hutumika badala ya maji. Kuosha alfajiri wakati umande umelainisha vumbi husaidia, na huepusha kumwagia maji baridi kioo kilichochemka. Uamuzi wa njia ipi itumike si wa kiufundi pekee. Kituo kinachomwaga maji ndani ya uzio wakati majirani wanapanga foleni kisimani hakitapendwa, hata kikitoa umeme kiasi gani.

Joto nalo ni adui asiyetarajiwa. Wengi hudhani jua likiwa kali zaidi ndivyo umeme unavyoongezeka. Paneli hupenda mwanga, haipendi joto. Uwezo unaoandikwa kiwandani hupimwa paneli ikiwa na nyuzi joto 25. Saa za mchana kioo cha paneli huweza kufika nyuzi 60, na kila nyuzi inayozidi hupunguza uzalishaji kwa karibu theluthi moja ya asilimia. Jumla yake ni zaidi ya sehemu ya kumi ya umeme wote inayopotea kwa joto tu. Ndiyo sababu mchana wa Julai wenye upepo mwanana, katika nyanda za Shinyanga zilizo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, unaweza kutoa umeme mwingi kuliko mchana wa Oktoba unaounguza.

Nyasi, moto wa kiangazi, radi ambazo Kanda ya Ziwa inazijua vyema, na wizi wa nyaya za shaba vyote vina nafasi yake kwenye daftari la msimamizi wa zamu. Mifugo pia. Katika baadhi ya nchi kondoo huruhusiwa kulisha chini ya paneli, na huokoa gharama za kufyeka. Mbuzi hawaruhusiwi, kwa kuwa hupanda juu ya paneli na kutafuna nyaya. Wafugaji wa Kishapu hawahitaji kuelezwa zaidi kuhusu tabia ya mbuzi.

Kisha kuna wingu. Mtambo wa maji hupunguzwa au kuongezwa kwa amri ya mwendeshaji. Wingu haliombi ruhusa. Linapopita juu ya uwanja, uzalishaji unaweza kushuka kwa zaidi ya nusu ndani ya dakika chache, na gridi inapaswa kupata mbadala papo hapo. Megawati 50 katika mfumo wenye mitambo mikubwa ya maji inayoitika haraka hazitishi. Zitakapokuwa 150, na vituo vingine vikifuata, waendeshaji wa gridi watahitaji utabiri wa mawingu kwa saa na kwa dakika, kazi inayoihitaji Mamlaka ya Hali ya Hewa kukaa karibu zaidi na chumba cha kuongozea gridi.

Wananchi wa Ngunga na vijiji jirani wanaweza kuwa na swali rahisi kuliko haya yote: kituo kiko mlangoni mwetu, umeme wetu uko wapi? Ni vema lijibiwe kwa uwazi mapema. Umeme wa kituo hupanda moja kwa moja kwenye njia ya msongo mkubwa, na hauwezi kuvutwa kutoka kwenye uzio kwenda nyumba ya jirani. Umeme wa kijiji hupita njia nyingine: hushushwa kwenye kituo cha kupozea, husafiri kwa njia za usambazaji na hufika kwenye nguzo za mtaa kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na TANESCO. Inawezekana kabisa kaya ikauona uwanja wa paneli kila asubuhi na bado ikasubiri nguzo. Hali hiyo ikiachwa bila maelezo wala ratiba huzaa manung'uniko ya haki, na ni jukumu la halmashauri na TANESCO kuhakikisha vitongoji vinavyopakana na mradi haviwi vya mwisho kuunganishwa.

Ajira nazo zielezwe kwa kipimo chake. Ujenzi huhitaji vibarua na mafundi wengi: kuchimba, kusimika vyuma, kulaza nyaya, kufunga paneli. Uendeshaji huhitaji watu wachache: mafundi umeme, waoshaji, wafyekaji, walinzi. Kijana wa Kishapu aliyepata kibarua wakati wa ujenzi hatapata nafasi ya kudumu kwa kuwa tu alishiriki. Atakayekuwa na cheti cha ufundi umeme kutoka chuo cha VETA atakuwa na nafasi bora, na vituo vya jua vijavyo nchini vitamtafuta.

Kuhusu bili, kituo hiki hakitashusha bei ya uniti kwenye LUKU ya mkazi wa Shinyanga. Bei huidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kwa nchi nzima, na mteja mdogo wa nyumbani hulipa bei ileile awe Kigamboni au Kishapu. Kinachoweza kubadilika ni gharama ya TANESCO yenyewe. Jua halinunuliwi, tofauti na gesi na mafuta, na gharama karibu zote hulipwa mwanzoni kupitia mkopo. Kwa hiyo mzigo wa deni utabebwa vizuri iwapo tu kituo kitazalisha kinachotarajiwa kila mwaka. Mwezi mmoja wa paneli chafu au inveta mbovu iliyokosa kipuri ni mapato yaliyopotea wakati marejesho ya mkopo yanaendelea palepale.

Kenya imekwisha kuipita hatua hii, na mfano wake uko karibu. Kituo cha jua cha Garissa, kilichozinduliwa Desemba 2019 na Rais Uhuru Kenyatta, kina uwezo wa takriban megawati 50 kwenye eneo la hekta 85, nacho kilijengwa na kampuni ya China kwa mkopo, kwa gharama ya takriban shilingi za Kenya bilioni 13.7. Kina paneli 206,272, kila moja ya wati 265. Ukilinganisha na paneli za sasa zenye wati 550 na zaidi, kazi ileile hufanywa na chini ya nusu ya idadi hiyo, kwa vyuma vichache, nyaya chache na eneo dogo zaidi. Kuchelewa, mara hii, kumekuja na nafuu yake.

Nafuu hiyo pia ina upande wa pili. Teknolojia inayobadilika kwa kasi hii humaanisha kwamba paneli itakayovunjika Kishapu baada ya miaka 12 huenda isipatikane tena sokoni kwa ukubwa na umeme ule ule. Inveta zenyewe huhitaji kubadilishwa baada ya miaka 10 hadi 15, wakati paneli hudumu miaka 25 au zaidi, zikipoteza karibu nusu asilimia ya uwezo wake kila mwaka. Akiba ya vipuri inayonunuliwa mwanzoni, na fedha ya kubadilisha inveta inayotengwa tangu mwaka wa kwanza, ndivyo vitakavyoamua kama kituo kitafika mwaka wa 20 kikiwa kizima. Bajeti ya vitu hivyo haina utepe wa kukata wala jiwe la msingi, hivyo huwa rahisi kuahirishwa.

Awamu inayofuata, itakayofikisha megawati 150, itakuta bei za betri zikiwa zimeshuka kuliko zilivyokuwa mradi ulipobuniwa. Hoja ya kuiongezea betri za saa mbili au tatu kwa ajili ya jioni za Kanda ya Ziwa itakuwa mezani, na itapimwa dhidi ya gharama ya kuimarisha njia ndefu kutoka mashariki. Kumbukumbu za uendeshaji wa awamu ya kwanza, yaani uniti zilizopatikana kila mwezi, maji yaliyotumika kuosha, saa ambazo inveta zilisimama, ndizo zitakazotoa tarakimu za uamuzi huo.